Uzito Kwenye Kamba

Ruring'u, Nyeri
6 Julai 2024

Mwanangu Phoebe,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ya Julai, ambayo imehamia hapa kama mgeni asiyejua kuaga. Mama yako Wachuka hajambo, ila goti lake linatabiri mvua kuliko redio na halijakosea tangu Pasaka. Kutoka Maragoli nimepata habari kwamba mama yako mzazi ameezeka jiko upya na kwamba yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Masikio yangu ni yale yale. Yalistaafu kabla yangu, na siku hizi nasikia tu mtu akinipigia kelele kwa karibu. Simu nikiishika nasikia nyuki, na huwezi kugombana na nyuki. Ndiyo sababu ya barua hii, kwa kuwa leo nataka kugomba.

Juzi Alhamisi Kingori, askari wa msitu, alifika langoni na kitabu mkononi. Alilikaribia sikio langu akapaza sauti mpaka mbwa wa jirani akaamka: "Mwalimu! Ile jiwe yako iko kwa kitabu! Na imepewa jina!"

Ni kile kitabu cha njia za kupanda miamba anachokusanya Griffins, yule kijana wa Nairobi. Nilikifungua nikiwa na furaha, kwa kuwa nilidhani ni wewe uliyeandikwa. Ukurasa wa arobaini na moja. Nakunukulia neno kwa neno: "Ihiga, msitu wa juu ya Othaya. Njia moja, mita ishirini na nne, bolti tisa. Jina: Njia ya Mpishi. Wa kwanza kuipanda: Steve, 9 Machi 2024." Na chini yake, kwa herufi ndogo kama za onyo kwenye chupa ya dawa: "Kabla yake mpishi mmoja wa huko aliijaribu, akategemea kamba."

Mpishi mmoja! Nilisoma mara tatu. Wachuka aliniondolea kikombe mkononi kwa kuhofia nitakitupa.

Nani aliyeuona kwanza ukuta ule? Wenyeji wanauita Ihiga, yaani jiwe, kana kwamba hakuna jiwe lingine Othaya nzima, na kwa miaka yote hiyo waliokuwa na shughuli nao ni mbega na nyuki. Ni mimi niliyeomba kibali cha msitu, nikarudishwa mara mbili, nikaomba tena. Misimu mitatu ya kiangazi nimening'inia pale na brashi ya waya, nikikwangua ukoga. Matundu tisa ya bolti niliyatoboa kwa tindo na nyundo, mwalimu wa jiografia mwenye umri wa miaka sabini, wakati wenzangu wanacheza bao. Na tarehe 24 Februari, siku mbili kabla hujaenda Nanyuki kuanza kazi ya upishi kwenye kambi ya wageni, wewe uliipanda kutoka ardhini hadi kwenye mnyororo wa mwisho kule juu, mimi nikiwa nimeshika kamba. Niliandika katika daftari langu siku ile ile: "Phoebe. Bila kutegemea kamba."

Nikueleze tena kanuni, ingawa unaijua, maana hasira yangu hupoa kidogo inapopata kitu cha kufundisha. Njia ya namna hii ni ya kamba moja: mpandaji anaanza chini na kumaliza juu, bila kituo katikati. Bolti ziko tayari mwambani. Anatia klipu kwenye bolti, anapitisha kamba, anaendelea. Chini yuko mtu wa pili aliyeshika kamba kwenye breki, kile kifaa cha kiunoni kinachoikaza. Mpandaji akianguka, kamba inamdaka. Lakini kamba ni ya kumwokoa, si ya kumsaidia. Akiikalia hata kwa pumzi moja, au akishika chuma badala ya mwamba, hajaipanda njia, ameitembelea tu. Lazima ashuke, aanze upya. Wa kwanza kuimaliza bila hivyo ndiye mwenye haki ya kuipa jina. Hii si sheria ya Bunge. Ni heshima, na ndiyo maana inauma ikivunjwa.

Huyo Steve alikuja Machi mimi na Wachuka tulipokuwa Maragoli kwenye ukumbusho wa marehemu baba yako. Alikuta ukuta safi, bolti zimefungwa, chaki unayojipaka vidoleni visiteleze bado iko mwambani, akapanda, akajiandika. Nimekuwa na nia ya kuiita Njia ya Phoebe. Niandikie upesi, ueleze kwa maneno yako namna ulivyoipanda. Nitaipeleka kwa Griffins pamoja na yangu.

Baba yako mkubwa, aliyekasirika,
Seth Khavere


Nanyuki
25 Agosti 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Barua yako ilikaa ofisi ya vifurushi mjini wiki tatu, na huku kambini, kaskazini ya mji, dereva huleta mizigo anapokumbuka. Mpe pole Mama Wachuka kwa goti. Nimefurahi kusikia habari ya ndama.

Mimi ni mzima. Mwezi huu tumekuwa na wageni hadi arobaini kwa siku, na jiko ni lile lile la watu kumi na tano. Mpishi mkuu wetu ni Mzee Harun wa hapa mjini. Ananifundisha pilau, na mimi namfundisha kunyamaza, hajafuzu. Jana aliziangalia chapati zangu akasema, "Wewe binti, hii umekunja ama umefunga fundo la kupandia mlima?" Jikoni kote wakacheka. Wageni walizimaliza.

Upepo hapa ni mkavu, midomo inapasuka. Asubuhi mlima unaonekana wote, mpaka barafu iliyobaki. Nakumbuka ulivyokuwa ukitueleza darasani kwa nini inapungua.

Kuhusu kile kitabu, naomba uliache jambo hilo. Jiwe halijui jina lake. Usimwandikie Griffins. Umefanya kazi kubwa pale na kila anayepanda anazitumia bolti zako, hilo linatosha.

Je, ulienda kupima macho? Mama Wachuka aliniambia ulikataa.

Mwanao,
Phoebe


Ruring'u, Nyeri
7 Septemba 2024

Phoebe,

Tu wazima. Macho nilipima, yako sawa kuliko unavyotaka. Wachuka anasema asante kwa pole yako, na ananiambia niandike taratibu. Ninajaribu.

Jiwe halijui jina lake! Mwanangu, hata ng'ombe hajui jina la mwenye zizi, lakini jaribu kumpeleka sokoni ng'ombe wa jirani uone. Ni lini umeanza kuongea namna hii? Uliletwa kwangu ukiwa kidato cha tatu, baada ya baba yako kufariki, na wiki ya kwanza tu ulimkatalia mwalimu wa hesabu mbele ya darasa kwa alama moja aliyokunyima. Alama moja! Ulisimama mpaka akaihesabu tena. Leo umenyang'anywa ukuta mzima wa mita ishirini na nne, unaniuliza habari ya macho.

Wala usiniambie nisiandike. Nimeshaandika. Nilituma barua tarehe nane Julai, siku mbili tu baada ya kukuandikia wewe, kwa sababu nilijua ungekubali. Hii hapa sehemu yake, ujue nimesema nini kwa niaba yako:

"Mimi niliyeshika kamba siku hiyo nashuhudia kwamba Phoebe alipanda kutoka ardhini hadi kwenye mnyororo, na kwamba hakuna uzito wowote uliokuja mkononi mwangu. Mimi sisikii vizuri, na mti wa podo ulio chini ya ukuta hunizuia kumwona mpandaji akishapita bolti ya tano. Kwa hiyo tumezoea kusemezana kwa kamba. Akivuta mara mbili, nalegeza. Akivuta mara tatu, amefika. Mkono wangu umeshika kamba kwa miaka thelathini na hauwezi kukosea."

Nimewaambia pia kwamba neno "mpishi mmoja" ni dharau. Mtu ana jina. Kama angekuwa mgeni kutoka ng'ambo aliyeijaribu kwanza, wangemtaja mpaka jina la babu yake. Kwa kuwa ni msichana wa hapa anayekaanga mayai yao, basi ni mpishi mmoja. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo mawili mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa kinachobaki ni neno lako. Sentensi tatu tu. Au huko unakofanya kazi wanakutisha? Kama ni hilo, sema, nitakuja mwenyewe.

Seth Khavere


Ruring'u, Nyeri
26 Oktoba 2024

Phoebe,

Salamu. Mvua za vuli zimeanza na mahindi ya Wachuka yamelala kwa upepo. Wiki saba hujaandika. Najua barua yangu ilifika, maana nilimtuma Kingori amuulize dereva wenu, na dereva akasema alikukabidhi mkononi ukiwa unamenya viazi.

Jumamosi iliyopita Griffins alikuja hapa nyumbani. Hakuja peke yake. Alikuja na huyo Steve.

Nilitaka kuwaacha langoni, lakini Wachuka alikwisha kuchemsha nduma. Steve ni kijana mrefu, mpole, anasalimia kwa Kiswahili cha kuokoteza, na alikula nduma tatu bila kulalamika kwamba zinakaba. Nilichukia kwamba siwezi kumchukia. Griffins aliinama karibu na sikio langu: "Mzee, sisi hatusemi wewe ni mwongo. Lakini kwa hii mambo, aliyepanda ndiye husema. Phoebe aandike tu line mbili, nibadilishe kitabu."

Nikasema, "Mimi nilishika kamba."

"Ni sawa, mzee. Lakini aseme yeye."

Nilimgeukia Steve nikamuuliza kwa Kiingereza, ili asijifiche nyuma ya lugha, alijuaje kwamba mpandaji wa kwanza alikuwa mpishi na kwamba alitegemea kamba, ilhali msitu ule hauna mashahidi isipokuwa mbega. Aliangalia kikombe chake. Aliniambia ni afadhali nikuulize wewe.

Nikuulize wewe! Mtu anakuibia nyumbani kwako, kisha anakwambia ukaulize ndani.

Walipoondoka, Wachuka alikusanya vikombe. Nilimwambia, "Umeona ujasiri wa hawa?" Alichukua kalamu yangu, maana anajua nikikasirika usikivu wangu huzidi kupungua, akaandika nyuma ya bahasha: "Mwalimu, unapigana vita ambavyo mtoto hakukutuma. Na yule kijana hajasema uongo hapa leo."

Nimekaa na bahasha hiyo wiki nzima. Nyumba yangu mwenyewe imehamia upande wa pili.

Phoebe, sikuombi tena. Nakuagiza, kama mtu aliyekulea. Andika.

S. Khavere


Nanyuki
17 Novemba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Msalimie Mama Wachuka, mwambie asante. Anajua ni kwa ile bahasha.

Umeniagiza niandike, basi naandika, na mimi pia nimekasirika, kwa hiyo vumilia.

Ni mimi niliyemwambia Steve. Alikuwa mgeni wetu kambini wiki yangu ya kwanza kazini. Aliona mikono yangu nikimpakulia supu, ngozi ya vidole imechunika, akauliza, "Wewe unapanda?" Nikasema ndiyo. Akauliza wapi. Nikamweleza Ihiga ulipo, nikamchorea mpaka kijia cha kuingilia, nikamwambia ni nani aliyetoboa matundu yote tisa kwa mkono. Akauliza, "Umeimaliza?" Nikasema nilikaa kwenye kamba kati ya bolti ya sita na ya saba. Aliuliza, nikajibu. Haikuchukua hata dakika moja. Akauliza ina jina. Nikasema haina. Aliporudi kambini alisema ameipanda na angependa kuipa jina langu, nikakataa, sikutaka jina langu kwenye kitu ambacho sijakimaliza. Ndipo akasema basi itaitwa Njia ya Mpishi, ili siku nikiimaliza iwe inanisubiri. Ile dharau uliyoipigia mstari hadi karatasi ikatoboka, Baba Mkubwa, ilikuwa adabu.

Sasa nikuulize mimi. Mbona wewe hukuniuliza?

Ulikuwa umeshika kamba. Nilikuwa nimetia vidole viwili vya kushoto kwenye kile kitundu, mguu wa kulia kwenye kale kashimo kanakotosha shilingi moja, na nilipaswa kuvuka kwenda kulia kufikia ukingo. Vidole vikafunguka. Sikuanguka mbali, lakini nilikaa kwenye kamba nikahesabu moja hadi nne, halafu nikarudi mwambani nikaendelea. Mimi nina kilo hamsini na nane. Wewe siku hizi hufiki sitini. Kamba ilikuburuta hatua mbili mbele hadi ukaugonga ule mzizi wa podo. Najua, kwa sababu uliponishusha kiatu chako cha kushoto kilikuwa na tope jeusi la mzizi ule mpaka kwenye kamba za kiatu, na pale uliposimama mwanzo palikuwa pakavu.

Nilifungua mdomo nikwambie. Lakini ulikuwa umeshatoa daftari. Uliandika kabla sijafungua hata fundo kiunoni. Ulinionyesha: "Bila kutegemea kamba." Ulikuwa unacheka kama mtu aliyesamehewa. Halafu, ukidhani sikuoni, ulichuma jani ukafuta kiatu.

Ningesemaje? Ni kama ningekunyang'anya kitu mdomoni. Nikafungua fundo. Nikadhani itabaki kwenye daftari letu, sisi wawili na mbega. Sikujua utaichukua uipeleke Nairobi na sahihi yako chini.

Kwa miezi miwili unaniona mwoga. Unauliza kama natishwa. Ulinifundisha wewe mwenyewe, tukiwa na kamba uani, kwamba kamba ni ya kumwokoa mtu, si ya kumsaidia. Mimi nilikaa kwenye kamba mara moja, nikahesabu nne. Wewe umekaa juu yake tangu Februari.

Sitaandika sentensi tatu. Nimeandika hizi.

Phoebe


Ruring'u, Nyeri
3 Desemba 2024

Phoebe mwanangu,

Wachuka anakusalimu. Mvua imepungua. Ndama wa Maragoli amepewa jina Krismasi ingawa sikukuu yenyewe haijafika, mama yako ameshindwa kungoja.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko kile kitabu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilikasirika zaidi, kwa kuwa nilitafuta kosa moja la kusahihisha sikulipata, hata la nukta.

Nilijua.

Nitaeleza, maana sijui kufanya kitu kingine. Mtu mwenye kilo hamsini na nane akikaa kwenye kamba, aliye chini hawezi kukosa kujua. Mkanda unabana nyonga, breki inauma, visigino vinanyanyuka. Mtoto wa darasa la tatu angejua. Mimi niliyepoteza masikio nina mkono huu tu wa kunieleza yanayotendeka juu ya ule mti. Kamba ndilo sikio lililonibakia, na siku ile nililitia pamba kwa makusudi.

Kwa nini? Nimejiuliza kwa hasira, kama ningemuuliza mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ndani ya soksi. Misimu mitatu niliutengeneza ukuta ambao najua sitaupanda kamwe. Kila tundu nililotoboa nilijiambia, "Phoebe ataufikia mnyororo ule." Ulikuwa na siku mbili tu kabla ya kwenda kazini. Ulipokaa kwenye kamba nilijua kwamba ningepaswa kukushusha, uanze upya, na jua lilikuwa limeshaondoka ukutani na vidole vyako vimechoka. Nikaona nitakufa na daftari lenye neno "karibu". Basi nikaandika neno lingine. Halafu, kama waongo wote, nikaanza kulilinda kwa kelele. Nilipoona "akategemea kamba" kwenye kitabu, kilichonichoma hakikuwa uongo wa Steve. Kilikuwa ukweli wake. Nikapigia mstari maneno mengine mpaka karatasi ikatoboka.

Wala usidhani hasira yangu imekwisha. Imehama tu. Nimekasirika kwamba mtoto niliyemlea amebeba uongo wangu miezi tisa huku nikimwona mwoga. Nimekasirika kwamba Steve alikula nduma tatu nyumbani kwangu huku akijua, akanyamaza kwa heshima, na mimi nikamtazama kama mwizi wa kuku. Na bado nashikilia kwamba "mpishi mmoja" ni maneno mabaya ya kuandika chini ya ukurasa. Griffins angeandika "mpishi" tu. Hilo la mwisho siliondoi.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimwandikia Griffins. Sikuzunguka: "Ushahidi wangu wa tarehe 8 Julai si wa kweli. Uzito ulikuja mkononi mwangu. Nilijua. Phoebe hakuniomba niandike, na alipojua aliniomba niache. Maneno ya kitabu yabaki." Nilimwandikia Steve pia. Hiyo ilichukua siku mbili na Wachuka alikataa kunisaidia.

Februari msitu utakuwa mkavu. Kama utapata likizo, na kama bado unakubali mkono huu ushike kamba yako, njoo. Kama hutaki, Kingori anaweza kufundishwa. Ana uzito wa kutosha, hataburutwa na mtu. Nitakaa chini ya podo nitazame.

Baba yako mkubwa,
Seth


Ruring'u, Nyeri
15 Februari 2025

Phoebe mwanangu,

Natumaini ulifika salama na Mzee Harun hajaichoma kambi. Uliondoka haraka Jumatatu kuwahi gari la saa nane, na hatukupata nafasi ya kuzungumza, kama neno hilo linanifaa mimi. Unayajua ya juu. Ngoja nikueleze ya chini.

Jumamosi ulianguka mara mbili, zote pale pale, na nimeandika: "Alianguka mara mbili kati ya sita na saba." Ni mistari ambayo sikuwahi kufikiri nitaiandika kwa mkono mtulivu hivyo. Kingori alisema, "Mwalimu, sasa hii ndio unaandika? Si ungengoja?" Nikamwambia anyamaze.

Jumapili Wachuka alikataa mtu yeyote apande. Alisema Mungu hakupumzika siku ya saba ili sisi tuning'inie.

Jumatatu asubuhi nilisimama hatua tatu nyuma ya ule mzizi. Kamba ilienda juu polepole, ikasimama, ikaenda. Nilikuwa nahesabu klipu: kila mara unapovuta urefu wa mkono kupitisha kamba, najua ni bolti moja. Tano, ukapotea nyuma ya majani. Sita. Kisha kamba ikasimama.

Ilisimama muda mrefu. Kingori alitazama juu, mdomo wazi. Mimi nilitazama kiatu changu cha kushoto. Nilijiambia, kikisogea, nitaandika kimesogea. Kilikuwa kikavu. Kamba haikukaza wala kulegea, ilikuwa hai tu mkononi, inatetemeka kidogo, kama ndama unapomshika shingo. Halafu ikaenda kulia. Najua ni kulia kwa sababu iligusa tawi la podo ambalo haijawahi kuligusa. Ukavuta urefu wa mkono. Saba. Nane. Tisa. Nikapata ile mivuto mitatu.

Kiatu hakikusogea. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa hakuna kitu. Kingori alikuwa anaruka na kupiga kelele ambazo kwa bahati sikuzisikia.

Nimeandika: "10 Februari 2025. Phoebe. Wa pili. Bila kutegemea kamba. Shahidi wa pili: Kingori." Mstari wa mwaka jana nimeukata, lakini sikuufuta. Unasomeka.

Sasa jambo moja. Griffins ameandika. Yeye na Steve wameafikiana kwamba wako tayari kubadilisha jina liwe Njia ya Phoebe katika toleo lijalo, kwa ridhaa yako. Nami nilitaka kuwajibu kwa niaba yako palepale. Wachuka aliichukua kalamu akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo mkono wake unafika na wangu haufiki.

Kwa hiyo nakuuliza. Unasemaje?

Seth


Nanyuki
2 Machi 2025

Baba Mkubwa, shikamoo, na asante kwa kuuliza.

Sote wazima. Kambi haijaungua, ila Mzee Harun alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi akasema ni kwa sababu sikuwepo.

Jina wasiliguse. Steve alipanda wa kwanza na aandikwe hivyo. Yale maneno madogo chini, yaliyokuudhi, nayo yabaki, pamoja na hilo neno "mmoja". Ni kweli nilitegemea kamba siku ile.

Nilimsomea Mzee Harun ukurasa wa arobaini na moja, nikamweleza habari ya jina jipya. Alifuta mikono, akavaa miwani, akaangalia ile picha ndogo ya ukuta kwa muda. Akasema, "Njia ya Mpishi. Basi ni yetu hii. Kwa nini iwe yako peke yako?" Nikaendelea kukata vitunguu.

Watu watakuja Ihiga na kitabu mkononi. Watakukuta chini ya podo na brashi yako, najua hutaacha. Watauliza ni mpishi gani, na kama aliwahi kuimaliza.

Waambie habari ya siku zote mbili. Anza na ile ya kwanza, nilipokaa kwenye kamba.

Mwanao,
Phoebe